Ushauri: nina kichupa cha Selank kwenye friji, nikitumie?

MtotoWaLikoni: Assalam aleykum wajameni. Mchana niko kazini bandarini Kilindini, usiku nasomea mtihani wa uhasibu. Miezi miwili sasa usingizi umenikimbia. Nikisimama kwenye feri asubuhi moyo wadunda kama nimefumaniwa.

Kijana wa gym ameniuzia kichupa cha unga mweupe, Selank, elfu nne mia tano. Asema ni peptidi ya Urusi, yaani kipande kidogo cha protini, yatuliza akili bila kulewesha. Nichanganye na maji nijidunge tumboni. Lebo yasema ni ya utafiti tu, si ya binadamu. Eti hiyo ni ya kukwepa sheria. Nimekificha nyuma ya achari ya mama.

Hospitali sitaki, nitapewa vidonge nisinzie kazini. Na usiku lazima nikeshe na vitabu, najikaza na muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, hadi saa nane hivi.

ShangaziKisauni: Elfu nne mia tano! Na lebo umeisoma mwenyewe.

ChumaNyali: Mimi nimetumia wiki tatu, niko shwari. Watu wa hospitali hawapendi vitu vya bei nafuu.

MfamasiaMwembeTayari: @ChumaNyali ulijuaje kilichokuwa ndani ni Selank? Unga mwingi uliokaushwa hivyo ni mweupe.

Mwanangu wa Likoni, Selank yenyewe si porojo. Ilitengenezwa Moscow. Walichukua tuftsini, kipande cha asidi amino nne ambacho mwili wenyewe hutoa kwa ajili ya kinga, wakakiunga mkia wa asidi amino nyingine tatu ili kisivunjwe upesi. Zikawa saba. Wameichunguza inavyogusa kemikali za ubongo kama GABA, serotonini na enkefalini, sehemu kubwa kwa panya. Kuna jaribio la wagonjwa 62 wa wasiwasi, wengine wakapewa medazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, nafuu ikakaribiana. Sitini na wawili, basi. Na Urusi ni matone ya puani. Hiyo sindano ya tumbo huyo kijana kaitoa wapi? Marekani haijaidhinishwa, na hapa kwetu dawa isiyopitia Bodi ya Dawa na Sumu haina wa kumuuliza ikikudhuru. Unga usio safi ukiudunga, mabaki ya bakteria yaingia mwilini moja kwa moja.

Ila nimekusoma mara mbili. Muguka umeuweka mwisho kabisa, kama chumvi. Ule una kathinoni, kichangamsho: huamsha dopamini, kemikali ya ubongo, hupandisha presha, hukimbiza moyo na usingizi. Watafuna hadi saa nane, kisha watafuta cha kutuliza moyo ulioukimbiza mwenyewe?

Punguza huo kwanza. Kapime presha, damu na tezi ya shingo, maana tezi nayo hudundisha moyo hivyo hivyo. Na mwambie daktari waziwazi hutaki dawa ya kusinzisha. Zipo za wasiwasi zisizolaza mtu kazini. Maumivu ya kifua yakija, usingoje asubuhi.

ShangaziKisauni: Umemaliza, mfamasia.

MtotoWaLikoni: Nimeona haya. Juzi na jana sikutafuna. Kichwa kizito, hasira tele, lakini jana nimelala saa tano usiku. Alhamisi nimeomba ruhusa nikapime. Kijana wa gym nimemdai pesa zangu, ujumbe ameusoma, kimya.

Kichupa mama ameshakiona. Ameuliza hamira gani hii ndogo hivi, na mahamri ya kesho ataumulia nini.