Kikundi cha ukoo: siku tatu kwenye nyumba ya kale ya shambani

Shangazi Rehema: Habari za jioni jamani. Mwenye nyumba amejibu. Nyumba ina zaidi ya miaka 200, kuta za mawe na chokaa, umeme wa sola tu, maji ya mvua, choo kimoja cha mboji na kimoja cha kuvuta, jiko la kuni sebuleni. Sisi tuko 11. Kabla sijalipa, wajuzi semeni niulize nini.

Zawadi: Shikamoo Shangazi. Upande wa umeme muulize manne. Betri ni za lithiamu au zile nzito za asidi? Kilowati-saa ngapi? Inverta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, wati ngapi? Jenereta ya akiba ipo? Akikujibu "sola inatosha", hajajibu.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Lithiamu, kilowati-saa 10. Inverta wati 3,000. Jenereta hakuna.

Zawadi: Basi hesabuni 8, betri haikaushwi mpaka tone la mwisho. Ingekuwa ya asidi ningesema 5.
Ila kitakachowaangusha si jumla, ni mpigo mmoja. Birika la umeme ni wati 2,000 na kidogo, draya ya nywele 1,500 na zaidi. Viwashwe pamoja, inverta inajikata kujilinda na nyumba nzima giza. Si mbovu. Chomoeni vyote, subirini dakika moja, washeni inverta, kisha kifaa kimoja kimoja. Friji nayo sekunde inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake, kwa hiyo inverta inaweza kukata hata kama hesabu yenu ya karatasi ilikubali.

Salum: Na pasi?

Zawadi: Nyoosha kabla ya safari 😄 Chochote kinachotoa joto kwa umeme kisubiri jua la utosini. Taa hazina neno: kumi za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 350. Kuchemsha lita moja na nusu ni kama 150. Mabirika mawili hayo, umekaribia taa zote za usiku mzima.

Mama Neema: Na maji ya mvua mtoto anakunywa?

Zawadi: Muulize kama kuna chujio na taa ya urujuanimno, hiyo ya kuua vijidudu. Halafu angalieni mtego uliopo: taa hiyo inatumia umeme uleule. Inverta ikikata, taa inazimika, lakini bomba linaweza kuendelea kutoa maji yaliyobaki na mgandamizo. Hayo hayajatibiwa. Maji yakiwa na vumbi au rangi, mwanga haupenyi, kwa hiyo chujio kisipochuja vizuri taa nayo haina kazi. Mkitilia shaka, chemsheni mpaka yatokote dakika moja kamili, dakika 3 kama nyumba iko mlimani juu ya mita 2,000.

Shangazi Rehema: Tangi la lita 5,000 anasema limejaa.

Zawadi: Linatosha tukiwa na akili. Bomba la mvua la bafuni la kawaida hutoa kama lita 9 kwa dakika. Watu 11 dakika 10 kila mmoja ni lita 990 kwa siku. Dakika 4, ni 396. Na msitegemee mvua ya kupita: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, na maji ya mwanzo humwagwa kwa sababu yanaosha kinyesi cha ndege na majani.

Mjomba Hamisi: Mmesahau jambo la kwanza kabisa la kufanya mkifika. Nyumba ya likizo hukaa tupu wiki hata mwezi. Maji yaliyolala bombani kwenye uvuguvugu wa nyuzi 20 hadi 45 hukuza bakteria wa lejionela, na anaingia mapafuni kwa matone madogo yanayorushwa na bafu, si kwa kunywa. Mtu mmoja aingie, afungue madirisha, afungulie kila koki, moto na baridi, dakika kadhaa. Bafu la mvua avue kichwa chake au akifunge kwa kitambaa maji yashuke bila kurusha matone. Baba mkubwa na kifua chake asiingie bafuni kabla ya hapo.

Mama Neema: Hiyo sikuijua. Asante Mjomba.

Mjomba Hamisi: Maji ya moto ya sola nayo siku ya jua kali yanaweza kupita nyuzi 60, hayo yanababua. Kama hakuna vali ya kuchanganya, fungua baridi kwanza, kisha moto, na mtoto aingie mwisho.

Salum: Mjomba, mbona mwenye nyumba hakuweka tu madirisha ya vioo viwili? Baridi usiku.

Mjomba Hamisi: Nyumba zilizosajiliwa kuwa za kale mara nyingi sheria haimruhusu kubadili madirisha. Na kukodisha wageni ndiko kunakolipa ukarabati. Landmark Trust ya Uingereza wanaokoa majengo ya kale kwa njia hiyo tangu 1965.
Halafu ukuta wa mawe wa sentimita 60 hauhitaji ujanja mwingi. Joto linachukua saa nyingi kuuvuka. Siku za joto, funga madirisha na vibao vyake vya nje asubuhi, fungua pande mbili usiku upepo upite. Watu hufanya kinyume, wanafungua saa nane mchana, kisha wanalalamika nyumba haina feni.

Mjomba Hamisi: Na chokaa. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa tena, basi uacheni utoe. Kitanda na kabati visigandamane na ukuta wa nje, acheni upana wa kiganja. Nguo mbichi zianikwe nje. Usibandike utepe wa gundi ukutani, unang'oka na chokaa yake. Siki na limau visiguse ukuta wala sakafu ya marumaru, asidi inakula chokaa. Najua kuna watu humu dawa yao ya kila doa ni siki.

Shangazi Rehema: Nimesikia Hamisi 🙄

Mama Neema: Kwenye picha chini ya ukuta kuna unga mweupe. Ni ukungu?

Mjomba Hamisi: Hapana, chumvi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unakauka, chumvi inabaki. Mara nyingi fundi wa baadaye alipaka saruji juu ya chokaa, maji yakakosa pa kutokea, lipu ikaanza kubanduka. Pangusa kwa brashi kavu. Ukiosha, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni rangi za mbao. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na fremu za madirisha zikisuguana hutoa vumbi, na vidole vya mtoto viko palepale. Muulize kama imepimwa. Ikibanduka, panguseni kwa kitambaa kibichi, msifagie kavu.

Salum: Jiko la kuni niachieni mimi.

Mjomba Hamisi: Haya, utaliwashaje?

Salum: Vijiti chini, magogo juu.

Mjomba Hamisi: Geuza. Magogo mawili chini, vijiti vya unene wa kidole juu yake, kiwashio juu kabisa. Moto ukishuka polepole moshi unapita kwenye mwali na kuungua. Matundu ya hewa wazi yote mpaka magogo yashike, kama dakika 15 au 20. Moshi ukirudi sebuleni, hewa iliyo ndani ya dohani ni baridi na nzito, inaziba njia. Choma gazeti moja lililokunjwa chini ya mdomo wa dohani ipate joto kwanza.
Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Zimepasuka nchani, nyepesi, na ukizigonganisha zinatoa mlio mkavu, si mlio mzito. Kuni mbichi zinapaka lami ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo inayoshika moto.

Zawadi: Na asifunge hewa usiku ili moto ukae mpaka asubuhi.

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo pa kifo. Moto unaofukuta bila hewa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Uliza kama kuna kengele ya kuitambua chumbani. Jivu litolewe asubuhi kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, liwekwe nje juu ya jiwe. Kaa hai linaweza kujificha ndani ya jivu kwa siku kadhaa.

Mama Neema: Tumalizie vyoo, samahanini 😅

Zawadi: Cha mboji: kikombe kimoja cha maranda makavu kila baada ya haja kubwa. Harufu hutokea mkojo ukichanganyika na kinyesi, hivyo kama kina sehemu mbili, ya mkojo na ya kinyesi, kila mtu akae, wanaume pia. Kikinuka ongeza maranda, usimwage dawa. Dawa inaua vijidudu wanaoozesha.
Cha kuvuta kinaenda tangi la maji taka. Karatasi ya chooni tu. Wipsi hazivunjiki hata pakiti ikisema zinavutika. Mafuta ya kupikia yafutwe sufuriani kwa karatasi yaende takataka. Na tusioge wote asubuhi moja na kufua papo hapo: maji yakiingia kwa kishindo yanasukuma tope kutoka tangini hadi mtaro wa kunyonya ardhini, na mtaro ukiziba hakuna wa kuuzibua wikendi. Sinki likianza kugugumia, simamisheni maji yote, mpigieni mwenye nyumba.

Mjomba Hamisi: Magari yasiegeshwe juu ya mtaro huo. Mwambie akuonyeshe ulipo. Mara nyingi ndipo kwenye majani ya kijani kuliko pengine.

Shangazi Rehema: Nimemwandikia: chujio, rangi yenye risasi, kengele, vali ya maji moto, mtaro. Na tangi la maji taka lilijengewa watu wangapi?

Zawadi: Swali zuri kuliko yetu yote.

Shangazi Rehema: Amejibu: 8. Kengele hana.

Mama Neema: Basi sisi wanne tutafika Jumamosi, si Ijumaa.

Salum: Kengele nanunua kesho. Mjomba, naiweka wapi?

Mjomba Hamisi: Chumba chenye jiko, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko lenyewe, si nyuma ya pazia. Na nyingine chumba cha Baba mkubwa.

Shangazi Rehema: Nalipa sasa. Hamisi, wewe na Salum mtangulie Ijumaa saa nane mchana, mfungulie mabomba.