Saa 27 angani na bado sijaruka peke yangu. Naombeni ushauri

Binti Buswelu
Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni Mtanzania, nasomea urubani Nairobi, tunarukia Uwanja wa Wilson kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172. Nina saa 27 na bado sijaachiwa ndege. Wote tulioanza pamoja wamesharuka peke yao, mmoja akiwa na saa 15 tu.

Kinachonishinda ni kutua. Nikiwa juu mwalimu hana neno, hata mnara naongea nao bila kigugumizi. Tukikaribia ardhi mikono inakakamaa. Ama nainua pua mapema, ndege inaelea kisha inaanguka puu, ama nachelewa inadunda. Jumanne ilidunda mara tatu, mwalimu akachukua usukani, akanyamaza mpaka tukaegesha. Nililia chooni.

Mama aliuza kiwanja ili nije huku. Akipiga simu namwambia naendelea vizuri. Nimeanza kufikiria kurudi nyumbani. Kuna aliyepitia haya?

Kipanga wa Ziwa
Marahaba, pole mdogo wangu. Mimi nilikwama hapohapo, nikaruka peke yangu nikiwa na saa 34. Leo narusha ndege ya Caravan yenye abiria na hakuna anayeniuliza habari hizo. Nijibu hili: ukikaribia kugusa, macho yako yanatazama wapi?

Binti Buswelu
Pale tairi zitakapogusia.

Kipanga wa Ziwa
Basi ugonjwa ndio huo. Ukitazama karibu, ardhi inakukimbilia, unashtuka, unavuta. Ukishaingia juu ya njia ya kurukia, hamishia macho mwisho wake kabisa. Pembe za macho zitakuambia unazama kiasi gani. Punguza injini, kisha usiilazimishe ndege itue: ikizama kidogo, vuta kidogo, mpaka ichoke yenyewe. Ikidunda usisukume pua chini. Weka nguvu zote, paa tena.

Kabla ya kuwasha injini, kaa dakika tano kwenye kiti utazame mbele. Urefu huo wa macho, pua ikiwa juu kidogo, ndio utakaouona tairi zikigusa. Halafu mwombe mwalimu mpite juu ya njia chinichini bila kugusa, yeye ashike injini, wewe ushike usawa tu. Mimi nilifanya hivyo mara nne, zikanifaa kuliko saa zote nilizodunda.

Fundi Bawa
Unaruka saa ngapi?

Binti Buswelu
Saa nane mchana, ndiyo nafasi niliyopewa.

Fundi Bawa
Wilson iko futi kama 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Katika hewa hiyo nyepesi kipimo cha kasi kinasoma noti 65 (yaani maili za baharini kwa saa), kumbe ardhi, kama hakuna upepo, inapita chini yako kwa zaidi ya noti 70. Jicho linaona kasi imezidi, mkono unavuta mapema. Ongeza na ile hewa ya mchana inayorusharusha ndege. Omba saa moja asubuhi, hata kama utasubiri wiki.

Mkweli Daima
Urubani si wa kila mtu. Rudi kabla mama hajauza cha pili.

Kipanga wa Ziwa
Mkuu, saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi ni kiwango cha chini, na wengi wanazipita. Huyu anarusha vizuri, anatazama pasipo pake. Hilo linafundishika.

Mama Pacha
Mwanangu, ndege sizijui, ila kunyamaziwa nakujua. Muulize mwalimu kila mkishuka: nimekosea wapi? Asiposema, omba somo la saa moja na mwalimu mwingine, kwa adabu. Na mama yako mwambie ukweli. Unabeba mizigo miwili mkono mmoja.

Binti Buswelu (wiki mbili baadaye)
Nimerudi. Nilipata nafasi ya asubuhi, tukapita chinichini mara tano. Jana tumetua mara sita, mwalimu hakugusa usukani. Moja ilidunda, nikaweka nguvu zote nikapaa tena, akasema "hivyo hivyo". Hilo ndilo lililonipa moyo kuliko zile tano nzuri.

Mama nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Peke yangu bado. Kesho tunaruka tena saa moja.