Robota langu nalifungua bila woga, la chama natetemeka

Muuza Mitumba, Kibuye:
Habari za jioni wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiuza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, na kila aliye katika kazi hii anajua kwamba robota, yaani furushi kubwa la mitumba, hununuliwa likiwa limefungwa: ukishakata kamba ndipo unapojua kama umepata kamera (nguo bora) au fagia (nguo duni). Kwa fedha zangu sikosi usingizi. Mwezi uliopita, hata hivyo, chama chetu cha akina mama kumi na wawili kiliniagiza ninunue robota la nguo za watoto, nami nikashindwa, nikazirudisha fedha benki. Kila nilipotaka kulipa nilimwona mwenzetu mmoja ambaye hufungua fundo la leso na kuhesabu sarafu zake mara mbili kabla ya kunikabidhi. Je, iliyonizuia ni huruma?

Fundi wa Kondele:
Dada yangu, usijipambe. Robota lako likiwa fagia unalia peke yako. La chama likiwa fagia utaulizwa hata matangani. Hiyo ni hofu ya lawama. (Ingawa mimi huendesha pikipiki bila kofia, na nikimbeba mama mzazi naenda polepole mpaka ananikemea, kwa hiyo sisemi kwamba huruma haipo.)

Muuguzi, Nakuru:
Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2011, madaktari waliulizwa kuhusu matibabu mawili ya saratani ya utumbo mpana, moja likiua zaidi lakini likiwa na madhara machache. Waliojichagulia wenyewe, takriban asilimia 38 walichukua lile linaloua zaidi. Waliomshauri mgonjwa, takriban asilimia 25 tu. Nionavyo, aliyejichagulia aliwazia madhara ya lile jingine, kama kuishi na mfuko wa kinyesi ubavuni mwake mwenyewe, ilhali mshauri alihesabu vifo. Kwa hiyo tahadhari tunayomfanyia mwenzetu huenda ikawa ni kutojua anachokiogopa. Huyo mama wa leso ulimuuliza?

Muuza Mitumba, Kibuye:
Sikuwa nimemuuliza. Leo alasiri nimemkuta akianika omena, akacheka sana, akaniambia kwamba sarafu huzihesabu mara mbili kwa sababu macho yamechoka, na kwamba alijiunga na chama kwa kuwa peke yake hawezi kamwe kufikia bei ya robota. Jumatano tunakwenda pamoja, na kamba ataikata yeye.