Tupeane uzoefu: neno la Kihispania "bodega" (ghala la mvinyo) lilishawahi kukuingiza chaka?

Frateri Mstaafu: Leo nimeona butiki ya nguo nikacheka peke yangu. Seminarini tulikaririshwa Kilatini: apotheca, ghala, hasa la mvinyo. Warumi waliliweka ghorofani, moshi upite mvinyo ukomae upesi. Miaka baadaye nafika Ujerumani, naona bango: Apotheke. Nikaingia kifua mbele, nikaomba chupa ya mwekundu. Dada wa kaunta akaniuliza naumwa nini.

Kisu Butu: 😂😂 Yalinikuta hayohayo.

Mama Kamusi: Bodega la Kihispania ndiyo hiyohiyo apotheca.

Mbishi Halali: Hilo ni la Kiarabu. Waarabu wamekaa Hispania karne ngapi?

Mama Kamusi: Si kila kitu cha Hispania ni cha Mwarabu. Mgiriki alisema apotheke, pa kuwekea akiba. Mrumi akalichukua. Kwa Mhispania a ya mwanzo ikadondoka, p ikalegea ikawa b, t ikawa d, k ikawa g. Mfaransa akabaki na boutique, Mjerumani na duka la dawa.

Mbishi Halali: Na "duka" je?

Mama Kamusi: Duka sawa, la Kiarabu. Bodega hapana. Usihamishe goli.

Baharia Mkavu: Nyie mnabishana herufi, mimi lilitaka kuniua. Safari yangu ya kwanza, meli ya Wahispania. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, ananiambia nishuke bodega. Mimi bodega naijua ya bandarini kwao, mapipa na glasi. Nikasema wazungu hawa wana utu, hata sijafanya kazi! Nashuka ngazi, giza, vumbi la saruji mpaka kooni. Kumbe kwao tumbo la meli panapokaa shehena nalo ni bodega. Mara mfuniko juu, kwaa! Wamefunga, hawajui nimo. Niligonga chuma kwa kiatu mpaka soli ikabanduka.

Kisu Butu: Ulitokaje??

Mbishi Halali: Chai hii. Mfuniko haufungwi bila kuhesabu watu.

Baharia Mkavu: Ulikuwepo?

Frateri Mstaafu: Ushauri: ukiambiwa bodega, nusa kwanza.

Kisu Butu: Mimi nashauri uingie tu. New York ni duka la mtaani, utapata hata mkate.

Mama Kamusi: Jamani, turudi kwenye neno.

Kisu Butu: Neno lisubiri. Baharia, ulitokaje?

Baharia Mkavu: Mpishi alinihesabia sahani, ikabaki moja.