Ligi ya fantasi ya NBA, watu 12 walio nchi tofauti: kanuni gani ziwekwe kabla ya drafti?

KikapuMtaani

Wakuu, salamu. Tupo mashabiki 12 tunaotaka kucheza fantasi ya NBA msimu ujao, yaani kila mtu anaunda timu yake ya kubuni ya wachezaji halisi, na takwimu zao za michezoni ndizo zinazompa ushindi. Saba wako Dar es Salaam na Mombasa, wawili Lubumbashi, watatu Toronto na Dallas. Nusu yao ni wageni kabisa wa mchezo huu. Nataka kanuni zikubaliwe mapema, watu wasije kugombana katikati ya msimu. Tucheze kwa pointi au kwa vipengele tisa? Drafti, yaani siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu, tuipange saa ngapi? Na tufanyeje ili wanaolala wasionewe na wanaokesha? Natanguliza shukrani.

GadiWaZamu

Mkuu, anza na saa. Ligi nyingi za huku zinafia hapo.

Mchezo wa saa 1 jioni New York kwetu ni saa 8 usiku mwezi Oktoba. Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, unakuwa saa 9 usiku, na ile ya Los Angeles inaanza saa 12 asubuhi au baadaye kidogo. Kwa Lubumbashi toa saa moja. Nafasi ya mchezaji kwenye kikosi hufungwa mchezo wake unapoanza, na habari ya nani hatacheza mara nyingi hutoka jioni ya kwao, wewe ukiwa usingizini. Kwa hiyo zoea linalofaa ni kupanga kikosi kabla ya kulala. Programu ya fantasi ya Yahoo inakuruhusu kupanga siku kadhaa mbele, basi mtu apange wiki nzima mara moja, halafu arekebishe jioni ikibidi.

Tahadhari na siku zenye michezo ya mapema. Krismasi mchezo wa kwanza ni saa 6 mchana New York, yaani saa 2 usiku kwetu. Jumapili nazo huwa na michezo ya mchana. Aliyezoea kupanga kikosi saa 4 usiku anakuta wachezaji wawili wako benchi na nafasi zimeshafungwa. Msimamizi atume kumbusho kwenye grupu siku hizo.

Drafti iwe Jumamosi au Jumapili saa 11 jioni ya Afrika Mashariki. Oktoba hiyo ni saa 4 asubuhi Toronto na saa 3 asubuhi Dallas, hakuna anayeumia. Iweke karibu iwezekanavyo na ufunguzi wa msimu, maana majeraha ya michezo ya maandalizi yanaharibu timu zilizochaguliwa mapema.

Sasa piga hesabu. Watu 12 mara nafasi 13 ni chaguo 156. Ukitoa sekunde 90 kwa kila chaguo, inaweza kufika saa 3 na dakika 54. Ukitoa sekunde 60 haitazidi saa 2 na dakika 36. Weka 60. Intaneti ya mtu ikikatika, mfumo unamchagulia kutoka kwenye foleni yake ya majina aliyoyapanga mapema, na kama foleni ni tupu unafuata orodha ya mfumo wenyewe. Kila mmoja aingize majina 15 hadi 20 kwenye foleni mapema, na afute waliokwisha kutangazwa kukosa msimu. Mfano ni Tyrese Haliburton: aliumia mshipa wa kisigino kwenye mchezo wa 7 wa fainali za 2025, na timu yake, Indiana Pacers, wakatangaza kuwa hatacheza msimu wote wa 2025-26. Jina kubwa kama hilo halipaswi kubaki kwenye foleni ya mtu asiyekuwepo.

RibaundiNyingi

Naongezea kwenye pointi dhidi ya vipengele. Mimi nasimama na vipengele tisa, timu dhidi ya timu kila wiki: pointi, ribaundi, asisti, kupora mpira, bloku, mitupo ya pointi tatu, asilimia ya mitupo ya uwanjani, asilimia ya mitupo huru, na kupoteza mpira. Tisa ni namba witiri, hivyo sare ni chache.

Wageni hukwama kwenye asilimia. Asilimia ya timu si wastani wa asilimia za wachezaji. Mfumo unajumlisha mitupo iliyoingia na iliyojaribiwa. Mmoja akifunga 9 kati ya 20 na mwingine 2 kati ya 2, timu ina 11 kati ya 22, yaani 50%. Ukikadiria kwa wastani utapata 72.5% na kujidanganya. Ndiyo maana mchezaji anayejaribu mitupo huru mingi na kukosa mingi, kama Giannis Antetokounmpo, anakushusha kipengele kizima peke yake. Ukimchagua, achana na mitupo huru moja kwa moja na ujenge nguvu kwenye ribaundi, bloku na mitupo ya uwanjani. Ukijaribu kumfidia kwa gadi mmoja mwenye 90% anayepata mitupo mitatu tu kwa mchezo, hutafika.

Na mapenzi ya nyumbani yasiingie kwenye raundi za juu. Jonathan Kuminga amezaliwa Goma na tunajivunia, lakini mchukue mwishoni, thamani yake ikiruhusu.

Senta_wa_Akiba

Hapo kwa vipengele tisa sikubaliani, mkuu. Nusu ya watu ni wageni. Mwaka wa kwanza chezeni kwa pointi: kila tendo lina thamani yake, mtu anaona jumla moja na anajua kama anashinda. Mgeni asiyeelewa kwa nini amefungwa vipengele 5-4 anaacha kufungua programu kufikia Desemba. Mwaka wa pili hamieni kwenye vipengele.

Mchague mfumo upi, wekeni kikomo cha wachezaji wapya wanne kwa wiki. Timu ya NBA hucheza mara tatu au nne kwa wiki, na Jumatano na Ijumaa huwa zimejaa, kikosi chako kinafurika na wengine wanabaki benchi. Siku kama Alhamisi michezo ni michache. Mkeshaji anatumia siku hizo kuingiza mtu mpya kila usiku na kujiongezea michezo kadhaa ambayo mpinzani hana. Wiki ya All-Star (mapumziko ya mchezo wa nyota) mwezi Februari mifumo mingi huunganisha wiki mbili kuwa moja, kwa hiyo angalia kikomo chako kinahesabiwaje.

Wachezaji huru, yaani wasio kwenye timu yoyote ya ligi yenu, wasichukuliwe kwa mbio. Nyota akiumia saa 10 alfajiri ya kwetu, mtu wa Dallas yuko macho na anambeba mbadala wake papo hapo. Tumieni madau ya siri: kila timu ina 100 za kubuni kwa msimu mzima, na dau kubwa ndilo linalochukua. Maombi kwa kawaida hushughulikiwa alfajiri ya Marekani, ambayo kwetu ni mchana. Hapo usingizi haumwonei mtu.

Washa pia orodha ya wachezaji wasioachwa, yaani nyota ambao mfumo hauruhusu timu kuwaacha. Bila hiyo, mtu mwenye hasira anaweza kumwachia nyota kama Nikola Jokić bure, na ligi imekwisha.

GadiWaZamu

Madau ya siri naunga mkono kabisa. Kubadilishana wachezaji kusipigiwe kura, maana watu hupinga kila kinachomwimarisha mpinzani. Msimamizi apitie ndani ya saa 24, na afute pale tu palipo na njama. Akihusika yeye mwenyewe, naibu ndiye aamue. Anayeacha nafasi wazi wiki mbili mfululizo atafutiwe mrithi, liandikwe kabisa.

Mchujo uwe wa timu sita kwa wiki tatu, mbili za juu zipumzike wiki ya kwanza. Fainali imalizike wiki moja kabla ya mwisho wa msimu wa kawaida. Wiki ile ya mwisho, Aprili, timu zilizokwisha kujihakikishia nafasi hupumzisha nyota, na zile zinazotafuta chaguo zuri la drafti ya NBA yenyewe huchezesha vijana. Ukicheza fainali hapo, bingwa ataamuliwa na daktari wa timu.

KikapuMtaani

Shukrani wakuu. Nimeelewa, tutaanza na pointi na madau ya siri. Vipi kuhusu kuchangishana fedha za mshindi?

Senta_wa_Akiba

Msiweke. Kiingilio kinachokwenda kwa mshindi kinaingia kwenye sheria za michezo ya kubahatisha, na nyinyi mna nchi zaidi ya tatu. Mpeni bingwa jezi, na wa mwisho ndiye aandae drafti ya mwaka unaofuata.