Mrejesho: kasha jepesi la saksofoni

Habarini wakuu. Niliwauliza nibebee saksofoni yangu ya alto kwenye nini, maana naishi Mtwara mjini na wikiendi naitwa kupiga Lindi au Masasi, na lile kasha langu la mbao ni zito kuliko saksofoni yenyewe. Wengi mlisema begi laini. Nimechukua la povu gumu lililovishwa kitambaa, la mtumba, kutoka Dar.

Kilichoniamulia ni bodaboda: lina mikanda miwili ya mgongoni. Kwenye basi haliendi kwenye buti, nalipakata. Konda alinung'unika, sasa kazoea.

Kasoro ipo. Nafasi ya ndani ilikatwa kwa saksofoni nyingine, yangu ikawa inachezacheza. Nimekata kipande cha godoro nikakibana pembeni ya mdomo wake mpana unakotokea sauti, sasa kimya. Shingo, kile kibomba cha juu kilichopinda kinachochomoka, naivisha soksi, inakaa mfukoni peke yake. Na yule aliyenisisitizia kizibo cha juu, kinachochomekwa pale shingo inapotoka, asante: bila hicho kile kifimbo cha oktavu (cha kupandisha sauti) kinachochomoza hapo kingeshapinda.

Zipu tu ndiyo imeanza kuliwa na chumvi ya bahari. Naisugua mshumaa.