Tupeane uzoefu: kijana akizama kwenye huzuni, imani ilimsaidia wapi na ilikwama wapi?

Mjomba_wa_Dom: Shalom wapendwa. Mpwa wangu wa kike yuko kidato cha tatu, anaishi kwangu. Tangu likizo ya Juni amebadilika: chakula anagusagusa tu, usiku yuko macho, kwaya ya vijana aliyokuwa haikosi kaacha. Ukimuuliza, "nipo sawa, mjomba". Sisi ni Walutheri, tunasali naye kila jioni. Waliopitia hili semeni mlifanya nini hasa. "Mwachie Yesu" naijua, msinirudishie.

MamaG: Pole sana kaka. Wangu alianza baada ya kupelekwa bweni. Tulikwenda kwa paroko nikitegemea atatupa novena, zile sala za siku tisa. Alimsikiliza mtoto peke yake muda mrefu, mimi nje kwenye benchi. Alipotoka akasema sala tunaendelea nayo, lakini wiki hii mwende hospitali. Daktari akasema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Akaanza ushauri nasaha, baadaye fluoxetine. Tulielezwa dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kwamba wiki za mwanzo ndizo za kumkaa mtoto karibu zaidi, kwa sababu kwa vijana mawazo mabaya yanaweza hata kuongezeka. Hilo wengi hawaambiwi, wanaacha dawa njiani. Misa hakuacha, ila sikumlazimisha. Kuna Jumapili alibaki amelala, nikaenda peke yangu.

Nilikuwa_huyo: Mimi nilikuwa huyo kijana. Kanisani kwetu nikaambiwa nina roho ya mauti, nikaombewa mbele ya watu wote, nikaangushwa chini. Nilichojifunza siku ile ni kujifanya nimepona. Nikawa natabasamu, natoa ushuhuda, na usiku hali ni ile ile.

Aliyenifikia ni mwalimu mlezi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, pale shuleni. Hakunikemea. Alinifungulia Zaburi ya 88. Nyingi zikianza na kilio huishia kwenye sifa, hii inaishia gizani kabisa. Sikujua kuwa Biblia inamruhusu mtu aongee na Mungu hivyo! Siku hiyo ndiyo nilimwambia kilichokuwa kinanisumbua, na yeye ndiye aliyezungumza na wazazi wangu kuhusu mwanasaikolojia.

Mlinzi_wa_Lango: Tusiponde maombi ya kufunguliwa. Kuna watoto wamefunguliwa kweli, nimeshuhudia.

MamaG: Hakuna aliyeponda, mkuu. Lakini soma 1 Wafalme 19. Eliya kachoka, anamwomba Mungu aiondoe roho yake. Malaika hakukemea pepo pale. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi kumlisha tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye.

Nesi_wa_zamu: Nipo wodini miaka mingi, nawaomba kitu kimoja. Mwulizeni mtoto wazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halipandikizi, mara nyingi linampa nafuu kwamba kuna mtu anaweza kulisikia. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu nyumbani, na siku hiyo hiyo mfikishe hospitali. Akisema hapana, bado ulizia shule, simu, na kama kuna mtu anamwonea au alimgusa vibaya. Huzuni ya binti wa umri huo wakati mwingine ina jina la mtu nyuma yake, na mtu huyo anaweza kuwa anakaa safu za mbele kanisani. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, Tanzania na Kenya pia, naye mwenyewe anaweza kupiga.

Mjomba_wa_Dom: Nimemuuliza jana kwa maneno ya Nesi. Alinyamaza, kisha akasema kujiua hajawaza ila anatamani asingekuwepo. Mke wangu amelala naye chumba kimoja, leo tuko foleni kliniki. Sasa swali: mchungaji na jumuiya niwaambie? Mama yake yuko Mwanza, anasema tuwaite wazee wa kanisa nyumbani waje kuomba.

Nilikuwa_huyo: Na hilo la "asingekuwepo" mwambie daktari vilevile alivyolisema, usilipunguze. Jumuiya, mwulize binti kwanza. Mimi ningekubali mchungaji mmoja ninayemwamini. Wazee sita sebuleni, hapana.

MamaG: Sisi tuliwaambia "anaumwa, mtuombee", basi. Waliotaka kujua zaidi niliwapa chai.